Waya wa Elfu Mbili: Je, Kampuni za Simu Zitulazimishe Kununua Vifaa Vyao?

Leo tunaomba tuweke pembeni mishono na mapishi, tuzungumze kuhusu kitu kidogo ambacho wengi wetu tunalala nacho kitandani: waya wa chaja.

Kuna hoja inayosikika kila mara, kwamba kampuni zinazotengeneza simu ziweke sharti. Simu ikubali tu waya, chaja, hedifoni na pawabenki zilizothibitishwa na kampuni yenyewe. Ukichomeka kingine, ikatae kuchaji. Wanaoitetea wanasema ni kwa usalama wetu. Wanaoipinga wanasema kampuni zinatafuta njia nyingine ya kuingiza mkono mfukoni mwetu.

Sisi ni wanawake tunaoshona pamoja sokoni hapa Kakonko, mkoani Kigoma, mbali kabisa na bahari yenu. Tumelijadili jambo hili huku cherehani zikiendelea, na tumekubaliana hivi: uthibitisho tunautaka, tena kwa nguvu zote. Kufuli la kampuni hatulitaki. Kipimo kiwe cha wote, na anayebanwa awe yule anayeingiza na kuuza, asiwe mama aliyekwisha kununua. Tutaeleza kwa nini.

Simu yetu ni duka letu

Wilaya yetu ya Kakonko ni changa, ilizaliwa mwaka 2012 ikimegwa kutoka Kibondo. Gridi ya Taifa imefika mkoani kwetu miaka ya karibuni tu. Kabla ya hapo miji kama Kibondo na Kasulu iliwashwa na majenereta ya dizeli, na hadi leo vijiji vingi vinategemea sola ndogo juu ya bati. Ninyi wa Unguja mnaokumbuka giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010, pale waya wa baharini ulipoharibika, mnajua mtu anavyohangaika kutafuta mahali pa kuchaji.

Siku ya soko wanawake hutoka vijijini na simu tatu au nne ndani ya kikapu, yake na za majirani, wakitafuta soketi. Kwetu mteja hutuma picha ya mshono kwa WhatsApp, analipa kwa simu, na hesabu ya kikoba inasomwa kwenye ujumbe. Ada ya mtoto aliye shule ya bweni inapita humo humo. Simu ikizima, biashara imefungwa, hata kama mlango uko wazi.

Sasa chaja tunazipata wapi? Kwa vijana wanaotembeza bidhaa mkononi na kwenye vibanda vya mbao. Chaja na waya wake ni shilingi 2,000, ukibembeleza 1,500. Ile inayoitwa orijino ni 15,000 na kuendelea, na elfu kumi na tano kwetu ni ushonaji wa gauni zima pamoja na bitana. Watu husema rahisi ni ghali. Ni kweli, lakini ghali nayo ni ghali kwa asiyekuwa nayo. Ndiyo maana ukimwambia mama wa kijijini "nunua orijino" hujamsaidia kitu.

Yaliyomkuta jirani yetu

Mwaka juzi jirani yetu, fundi kama sisi, aliweka simu kwenye chaji juu ya meza ya kukatia, akatoka kuswali adhuhuri. Chaja ilikuwa mpya, haijamaliza wiki. Aliporudi alikuta plastiki imeyeyuka na kipande cha satini kinawaka. Watu wa soko walikimbia na ndoo za mchanga. Yeye alinusurika, alhamdulillah, lakini nguo tatu za harusi ziliharibika, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Kijana aliyemuuzia chaja alisema yeye amechukua kwa katoni duka la jumla. Wa duka la jumla akasema mzigo ulikuja na gari kutoka mjini, kama mizigo mingine yote. Risiti haikuwepo. Kwenye boksi hapakuwa na jina la mtengenezaji, wala anwani, wala nchi, ila maneno "orijino" na "fasta". Nguo za bibi harusi alizilipa jirani yetu mwenyewe, kwa awamu, miezi minne.

Tunaomba mkumbuke kisa hiki tunapoendelea, kwa sababu shida haikuwa chaja mbovu peke yake. Shida nyingine ilikuwa kwamba katika mlolongo mzima hakuna hata mtu mmoja aliyewajibika.

Ndani ya kichwa cha chaja

Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230. Simu ya kawaida inataka volti 5. Kichwa cha chaja ndicho kinachoushusha, na ndani yake kuna pande mbili: upande wa umeme mkali na upande wa umeme mpole unaofika mkononi mwako. Pande hizo hazitakiwi kugusana kabisa. Katika chaja nzuri kuna nafasi ya kutosha kati yake na vizuizi vya plastiki ngumu. Katika chaja ya ovyo, nafasi inabanwa na vizuizi vinaondolewa, kwa kuwa kila kitu kinachoondolewa kinapunguza gharama. Siku pande mbili zikikutana, umeme wa ukutani unaingia kwenye simu, na simu iko sikioni.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2016 taasisi ya upimaji ya UL ilichukua chaja 400 bandia zilizojifanya ni za Apple, zilizonunuliwa nchi mbalimbali, ikazipima. Chaja 397 zilishindwa jaribio la usalama. Kati yake 12 zilikuwa zimetengenezwa vibaya kiasi cha kuweza kuua mtu kwa shoti.

Waya nao una yake. Ndani kuna nyuzi za shaba. Zikiwa nyembamba mno, au zikiwa za madini mengine yaliyopakwa rangi ya shaba, umeme unapita kwa taabu, waya unapata moto na simu inachelewa kujaa. Sisi tunaoshona tunaelewa haraka: uzi mwembamba kwenye suruali ya jinzi utashona, lakini mshono hautabeba.

Hoja ya kampuni, na ukweli uliomo

Apple ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Ilipotoa waya wa Lightning mwaka 2012, iliweka ndani ya kichwa chake kidude kidogo kinachojitambulisha kwa simu. Anayetaka kutengeneza waya wa namna hiyo lazima ajiunge na mpango wa kampuni, akubali masharti yake na alipe. Ukichomeka usiotambulika, simu inakuonya.

Tuseme haki: nia ya usalama ipo. Aliyenunua waya wenye alama ile anajua kuna aliyeupima, na ukiharibika kuna wa kumuuliza. Kama jirani yetu angekuwa na kitu kama hicho, angekuwa na pa kupeleka malalamiko.

Lakini kuna mambo matatu. La kwanza, kidude kile kinathibitisha waya, hakithibitishi kile kichwa kilichochomekwa ukutani, na hatari kubwa iko huko. La pili, wajanja hawakuchelewa kuiga hata hicho kidude, kwa hiyo waya bandia ukaendelea kuuzwa na mwaminifu akaendelea kulipa zaidi. La tatu ndilo linalotugusa sisi: kampuni ikiwa ndiyo inayotengeneza simu, ndiyo inayothibitisha waya, na ndiyo inayouza waya wake, basi imekuwa muuzaji, mpimaji na hakimu kwa pamoja. Hata mwaminifu apate jaribu gani zaidi ya hilo?

Usiku ule wa Juni 2016

Tanzania tumeshawahi kuonja kufuli la aina hii. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitangaza kwamba simu bandia zitazimwa, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 zikazimwa kweli. Kabla ya hapo watu wote tulikuwa tunabonyeza *#06# kupata namba ya simu na kuituma kwenda 15090 kuulizia kama simu yetu ni halali. Kenya walitangulia kufanya hivyo mwaka 2012.

Hatusemi serikali ilikosea kupambana na bandia. Simu bandia zilikuwa zimejaa, nyingine zina namba moja simu mia. Lakini tazama mzigo uliangukia nani. Aliyeziingiza alikuwa ameshauza na kula faida. Muuzaji wa rejareja alikuwa ameshanunua mzigo mwingine. Aliyebaki na kipande cha plastiki mkononi ni mama aliyelipa fedha yake halali akidhani amenunua simu.

Simu ikianza kukataa nyaya, itakuwa vilevile. Fikiria mwanamke wa kijiji cha mpakani huko Muhange. Waya wake umekatika, uliopo dukani ni mmoja tu, na simu inaukataa. Je, atasafiri hadi Kigoma mjini kutafuta waya wenye kidude? Mgonjwa akizidiwa usiku ataita gari kwa kutumia nini? Sharti lililoandikwa kwa ajili ya mji wenye maduka makubwa linageuka adhabu kwa mahali penye kibanda kimoja.

Funzo la sindano

Katika ufundi wetu suala hili lilishatatuliwa zamani. Cherehani ya nyumbani ya Singer na ya Butterfly ni kampuni mbili tofauti, lakini zote zinapokea sindano moja, yenye mpini uleule uliochongwa upande mmoja. Unasema tu "nipe namba 14" au "namba 16 ya jinzi". Sindano inaweza kutoka Ujerumani, India au China. Ilimradi imefuata kipimo, itaingia na itashona. Hakuna cherehani inayokataa sindano kwa kuwa haikulipiwa ada kwa mwenye cherehani. Na sindano mbaya ikipinda, tunamrudia muuzaji.

Simu nazo zinaelekea huko. Tundu la Taipu C lilitolewa mwaka 2014 kama kipimo cha pamoja, halimilikiwi na kampuni moja. Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria mwaka 2022, na tangu 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko lazima zichajiwe kwa Taipu C. Hata Apple imeacha Lightning, ikaanza na iPhone 15 mwaka 2023. Leo waya mmoja nyumbani unachaji simu ya mama, ya baba na spika ya mtoto. Huo ni unafuu mkubwa kwa masikini kuliko tajiri.

Na kipimo cha pamoja hakimaanishi holela. Mwaka 2015 mhandisi mmoja wa Google, Benson Leung, alianza kununua nyaya za Taipu C zilizouzwa kwenye duka la mtandaoni la Amazon na kuzipima moja moja. Nyingi hazikufuata kipimo. Mwanzoni mwa 2016 waya mmoja, uliounganishwa ndani kinyume, uliharibu kompyuta aliyokuwa akipimia. Machi mwaka huohuo Amazon ikapiga marufuku kuuza nyaya za Taipu C zisizofuata kipimo. Kufuli halikuwekwa kwenye simu ya mtu. Aliyebanwa ni muuzaji, kwa kipimo ambacho mtengenezaji yeyote mwaminifu anaweza kukifikia. Hilo ndilo tunalotaka sisi.

Dini yetu imesema nini

Mnajua kuna sura nzima katika Qur'an, Suratul Mutaffifin, iliyopewa jina la watu wanaopunja vipimo. Jambo la kupima haki si dogo mbele ya Allah. Na wengi tumefundishwa madrasa kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akaingiza mkono katika lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume hakumwambia mnunuzi awe makini zaidi. Alimuuliza mwenye mali kwa nini unyevu hakuuweka juu, watu wauone.

Chaja ya elfu mbili iliyoandikwa "orijino" ni lundo lile lile: juu pakavu, ndani maji. Tofauti ni kwamba sisi hatuna mkono wa kuingiza ndani ya plastiki iliyogundishwa. Ndiyo maana lazima awepo wa kutuingizia mkono, na sheria yetu inao. Bara kuna Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2012 lina utaratibu wa bidhaa kukaguliwa huko zinakotoka kabla hazijapakiwa. Kuna Tume ya Ushindani, FCC, yenye mamlaka ya kukamata bidhaa bandia. Kwenu visiwani kuna ZBS. Tunachoomba ni mkono huo ufike na huku juu, sio uishie bandarini. Katoni ya chaja inayoshushwa Kakonko iwe na jina la aliyeiingiza na namba yake, ili siku satini ikiwaka, mlolongo usiishie kwa kijana wa mkononi.

Kampuni za simu nazo hatuziachii. Zikitaka kutulinda kweli, ziandike wazi kwenye boksi, kwa Kiswahili, simu inahitaji chaja ya nguvu gani. Simu ipunguze mwendo wa kuchaji na itoe onyo ikiona umeme wa hatari, hata kama waya ni wa nani, na isikatae umeme ulio salama kwa sababu tu haukulipiwa ada. Na ziuze chaja nyepesi ya bei ya mtu wa kawaida. Kampuni inayoweza kutengeneza simu ya shilingi elfu thelathini haiwezi kushindwa kutengeneza chaja salama ya elfu tano.

Tunavyofanya sisi kwa sasa

Wakati tunasubiri hayo, haya ndiyo tunayoyafuata dukani, na tunawashauri nanyi:

1. Soma maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja. Yaonyeshe volti inazopokea (mara nyingi 100 hadi 240), volti inazotoa, na jina la mtengenezaji. Maandishi yasiposomeka au yakiwa na makosa ya tahajia, iache.

2. Ibebe mkononi. Chaja nyepesi kama boksi tupu la kiberiti mara nyingi ndani hamna kitu.

3. Chomeka dukani mbele ya muuzaji. Ikilegea kwenye soketi, ikitoa cheche au ikilia, rudisha hapohapo.

4. Omba risiti, hata ya kuandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, yenye jina na namba ya simu. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

5. Kama fedha inatosha kitu kimoja kizuri, nunua kichwa kizuri kwanza, waya baadaye. Hatari ya kuua iko zaidi kwenye kichwa.

6. Usichaji juu ya kitanda, chini ya mto, wala karibu na mtoto. Sisi tumetenga kibao cha vigae mbali na meza ya kukatia, na simu zote za wateja zinachajiwa hapo. Anayetoka kwenda kuswali anachomoa.

7. Ukiona waya umechunika, usiuzungushie gundi ya karatasi ukampa mdogo wako au dada wa kazi. Tusiwape wengine tunachokiogopa wenyewe.

Mwisho, dada zetu mnaouza vifaa vya simu, na tunajua mpo wengi Unguja na Pemba: katoni mnayochukua ulizeni imetoka kwa nani, na chaja ambayo hamwezi kuwachomekea watoto wenu wakiwa wamelala, msimuuzie mtoto wa mwenzenu. Faida ya mia tano iliyo safi ina baraka kuliko elfu tano yenye moto ndani yake.

Allah atujaalie riziki ya halali, atulindie nyumba zetu na watoto wetu, na atupe viongozi na wafanyabiashara wanaoogopa mizani. Amin.

Wabillahi tawfiq.